Dickens na mahakama iliyokuwa inaangalia nguo

Ukitaka kujua mwandishi wa riwaya Charles Dickens alikuwa anaonaje uhalifu na adhabu kwenye Uingereza ya Malkia Victoria, mi nakushauri nenda moja kwa moja kwenye riwaya yake ya Great Expectations, pale mfungwa Magwitch anaposimulia kesi yake. Kumbukumbu yake ya kwanza kabisa maishani ni kuiba mboga shambani ili ale. Kakua hivyo hivyo, leo jela kesho barabarani, mpaka akakutana na Compeyson, mtanashati, kasoma, anajua kuongea, na huyo ndo bosi, dili zote za kughushi na kuzungusha noti za wizi anapanga yeye, Magwitch ni wa kutumwa tu.

Wakakamatwa wote wawili. Kizimbani mmoja kavaa nguo nyeusi safi na leso nyeupe, mwenzie kauza kila kitu kabaki na alizovaa mwilini ili apate hela ya wakili. Wakili wa Compeyson kazi yake ikawa rahisi sana, hebu waangalieni hawa wawili, mmoja kijana wa malezi mazuri mwingine mhalifu mzoefu, sasa nani kamharibu nani? Compeyson akapewa miaka 7, Magwitch 14. Kosa lilelile jamani! Mnyonge hana haki, na Dickens kaionyesha hiyo kwa hesabu tu, bila hata kuhubiri.

Na haya mambo hakuyasikia kwa watu. Mwaka 1824 baba yake alifungwa Marshalsea, jela ya wadaiwa pale London, kwa deni la pauni 40 na ushee alilokuwa anadaiwa na muuza mikate, Charles akiwa na miaka 12 akawa yuko kiwandani anabandika lebo kwenye makopo ya dawa ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki. Yaani unamfungia mtu kwa sababu hana hela halafu unategemea azipate humo humo ndani, mi mpaka leo hiyo akili siielewi.

Kitu kingine ninachompendea ni kwamba alikuwa anawaangalia na watazamaji. Novemba 1849 walinyongwa mume na mke, akina Manning, hadharani juu ya jela ya Horsemonger Lane, na yeye alikuwepo, na barua aliyoandika kwenye gazeti la The Times haikuwalilia wauaji, ililia na ule umati, watu wanacheka, wanaimba nyimbo za kejeli, wezi wanachomoa mifukoni, watoto wapo wanashangilia. Hoja yake ikawa kwamba hapo hakuna anayefundishwa kuogopa uhalifu, wanafundishwa ukatili. Kunyonga hadharani kulikuja kukomeshwa 1868, kukahamishiwa ndani ya kuta za jela.

Ila kuna sehemu simfuati kabisa. Huyu huyu ndo alienda Philadelphia, Marekani, 1842, akaona wafungwa wanavyowekwa peke yao miaka na miaka, akaandika kwamba kuichezea akili ya mtu hivyo ni kubaya kuliko mateso yoyote ya mwili. Miaka minane baadaye anaandika makala kuilalamikia jela ya Pentonville kwamba wafungwa wanadekezwa, wanakula vizuri kuliko masikini wasio na kosa walioko kwenye nyumba za kazi (pale masikini walipopewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi), na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kutaka kazi ngumu na viboko. Hasira yake naielewa, alikuwa anachukia sana toba za uongo za wafungwa wanaotafuta kuonewa huruma na mchungaji. Lakini kama masikini kwenye nyumba ya kazi anakula vibaya kuliko mfungwa, tatizo liko kwenye ile nyumba ya kazi, siyo kwenye sahani ya mfungwa, na aliyetuonyesha hilo kuliko mtu yeyote ni yeye mwenyewe, pale kwenye riwaya yake nyingine alipomsimamisha mtoto yatima wa nyumba ya kazi, Oliver Twist, na bakuli lake kuomba aongezewe uji.