Uchungu wa utotoni na saratani ya matiti

Kwenye hitima moja Likoni, Mombasa, ya mwanamke aliyefariki kwa saratani ya matiti, bibi aliyekuwa akikunja leso za marehemu alisema: "Huyu alilelewa kwa kipigo na mama wa kambo. Machozi aliyoyameza ndiyo yaliyomganda kifuani." Mkeka mzima ukaitikia.

Kauli ile si ya kupuuzwa. Mwaka 1998, Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao huko Marekani waliwauliza watu wazima kuhusu madhila ya utotoni: kupigwa, kunajisiwa, mzazi mlevi. Waliopitia aina nne au zaidi walitaja kuugua saratani karibu mara mbili ya wasiopitia lolote. Njia zake pia zaeleweka. Aliyeumizwa utotoni huenda akakimbilia pombe, na pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti, hilo halina ubishi. Wasichana walionajisiwa huelekea kuvunja ungo mapema, na mwili unaokaa miaka mingi zaidi na estrojeni, homoni ya kike, huwa hatarini zaidi.

Lakini utafiti ule ulihesabu saratani zote pamoja. Kuhusu dhiki ya ukubwani, matokeo yanapingana: huko Finland talaka na kufiwa na mume vilionekana kuongeza hatari ya saratani ya matiti, ilhali uchambuzi wa mwaka 2013, wa watu 116,000 barani Ulaya, haukuona uhusiano wowote na msongo wa kazini. Tena mgonjwa akiulizwa utoto wake hupekua kila kona akitafuta sababu. Mzima hana haja hiyo, basi wagonjwa huweza kuonekana waliteseka zaidi kuliko wazima hata kama si hivyo.

Kwa hivyo simkubali bibi yule, na inaniuma kuwa marehemu alikufa akiamini kifua chake kilijiletea maradhi kwa kuweka mambo moyoni. Uvimbe aliuona miezi minane kabla ya kwenda hospitali. Dada yake alinieleza kando, tukiosha sahani za pilau: hakutaka mtu amshike kifua, tangu alipokuwa na miaka tisa. Sijui kama utoto ule ulipanda saratani. Ila ulimfungia mlango wa kupimwa, na hilo halihitaji utafiti kuthibitishwa.

Dada mtu anasema, laiti wangejua kuwa mtu anaweza kuomba mpimaji wa kike, akaingia na nduguye, akajifunika leso upande usiopimwa, wangevuka naye feri kwenda hospitali siku ile ile alipouona uvimbe.