Sponji ya Godoro Njia ya 4

Kipofu hashindani kuogelea peke yake. Anahitaji wagusaji wawili, mmoja kila upande wa bwawa, kila mmoja na fimbo ndefu yenye kitu laini nchani. Ukikaribia ukuta anakugusa kichwani au mgongoni, nawe unajipindua. Akiwahi, unasukuma maji matupu. Akichelewa, unaupokea ukuta kwa paji la uso. Mimi huhesabu mikono pia: bwawa la mita 25 nalimaliza kwa mikono 18, bega likipapasa kamba ya njia nisiende mshazari. Lakini mwalimu ametukaririsha: hesabu na fimbo zikigombana, fuata fimbo.

Mwalimu huyohuyo hachoki kumsimulia Bradley Snyder wa Marekani, aliyepofushwa na bomu Afghanistan tarehe 7 Septemba 2011, na tarehe hiyohiyo mwaka 2012 akatwaa dhahabu ya mita 400 kwenye Paralimpiki ya London, daraja la S11, yaani la sisi tusioona kabisa au karibu kabisa. Hajatuambia fimbo ya mgusaji wake ilifungwa nini.

Siku hiyo hapa Kampala, mita 100 mtindo huru, mgusaji wangu wa upande wa mbali hakutokea, na fimbo alikuwa nayo yeye. Nafasi akapewa binamu yangu, fundi baiskeli wa Bombo. Dakika kumi akawa na yake: mwanzi wa mita mbili, kipande cha godoro ukubwa wa embe, kimekazwa kwa utepe wa tyubu kuukuu. Nikakipapasa.

"Kaka, ukiguswa na hiki unaweza kusinzia," akasema.

Tulikijaribu kikiwa kikavu. Sponji ikinywa maji inakuwa nzito, na tyubu ikilowa inateleza. Mguso wa kwanza ulikuja barabara, nikapindua nikaondoka. Nyuma yangu sponji nayo ikaondoka. Binamu anasema ilielea njia ya 4, njia yangu, ikifuata mawimbi kama kifaranga cha bata.

Upande wa pili shemeji akanigusa vizuri, nikarudi. Mkono wa tisa, kitu laini kikanigusa utosini.

Tisa? Nikasema moyoni, fuata fimbo. Nikajipindua katikati ya bwawa. Miguu ikatafuta ukuta, ukuta haupo. Nikapiga teke la hasira nikarudi nilikotoka kwa nguvu zote, maana kwa hesabu yangu hiyo ndiyo safari ya mwisho.

Shemeji alijua bado ana muda: fimbo chini, soda mkononi. Nilifika bila hodi. Kiganja kwanza, kisha paji la uso. Nikaibuka na ngumi juu, watu wakapiga makofi mengi tu.

"Shemeji, nimekuwa wa ngapi?"

"Wenzako bado wanaogelea."

"Nimewaacha wote?"

"Umeogelea mita 75, shemeji. Na hizo nimekuonea huruma."

Nundu inaanza kuvimba, nikasikia viatu vinakuja. Mwamuzi. Sisi wa S11 huvaa miwani iliyozibwa nyeusi, kwa sababu baadhi yetu huona mwanga kidogo, na mbio zikiisha lazima ikaguliwe. Akaipokea, nadhani akaielekeza juani, akakaa kimya kitambo.

"Ssebo," akasema, "miwani yako haina tatizo."