Kiti cha bure ndani ya konseye ya kituo cha walemavu: nani anakilipia?

Mjumbe wa konseye ya utawala, yaani baraza la uongozi, katika kituo cha walemavu Goma kwa kawaida hajitafutii mshahara. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inasema asbl, yaani shirika lisilo la faida, haitafutii wanachama wake faida ya mali, na wengi wanaisoma hivi: hata transpoti isitolewe. Wana hoja. Ukianza kugawa jetoni, yaani posho za kikao, vikao vitaongezeka bila kazi. Tena pesa ya wajumbe inatoka kwenye pesa ya proteze, yaani miguu na mikono ya bandia, na mtoto anahitaji nyingine kila miezi 6 hadi 12 kwa sababu anakua. Mtu mzima hukaa na yake miaka 3 hadi 5.

Lakini bure ya mmoja ni deni la mwingine. Mjumbe asiye na ulemavu wa mtaa wa Himbi anapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, anafika. Mama wa kiti cha magurudumu anayetoka mtaa wa Ndosho, kwenye njia za mawe ya volkano, hawezi kukipandisha kwenye moto. Anakodi teksi nzima, kwenda na kurudi. Kipofu analipia wawili, yeye na anayemwongoza. Kiziwi bila mkalimani wa lugha ya ishara anatazama midomo tu. Baada ya vikao vichache hao watatu hawaji tena, ingawa mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kongo iliuridhia 2015 unataka walemavu washirikishwe katika maamuzi yanayowahusu. Wanabaki wenye magari, ambao nao kila mara wako safarini.

Kukosekana kwao kunaonekana kwenye bajeti. Konseye isiyo na mlemavu wala mzazi inapokea proteze za msaada, inapiga picha, inasahau mstari wa kubadilisha na kutengeneza. Mwaka haujaisha soketi, ile sehemu ya proteze inayovaliwa mwilini, inambana mtoto, ngozi inachubuka, anarudia magongo.

Halafu akidi isipotimia, prezida anaamua peke yake. Hapo ndipo hatari ilipo sasa. Hundi ilidai saini mbili. Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, malipo mengi yalihamia kwenye simu: laini moja, namba ya siri moja. Laini ikiandikishwa kwa kitambulisho cha prezida, akiondoka anaondoka na kesi, yaani pesa yote ya kituo. Basi iandikishwe kwa jina la asbl. Simu ikae kwa kesia, mtunza pesa, namba ya siri kwa mhazini, ili kila malipo yawakutanishe wawili. Ujumbe wa kila muamala unakiliwa kitabuni siku hiyohiyo, na komisere wa hesabu, yaani mkaguzi, analinganisha salio kila mwezi.

Kwangu, jetoni hapana. Gharama halisi ya kufika, ndiyo. Kumrudishia mtu alichotumia si faida. Iandikwe kwenye kanuni za ndani, na idadi ya vikao iwekwe humo, vinne kwa mwaka vinatosha. Watapinga kwamba mwenye moto hatoi risiti. Kweli, lakini bei kutoka kila mtaa inajulikana: konseye ipange kiwango kwa mtaa na kwa aina ya usafiri, mjumbe atie saini kwenye karatasi mbele ya kesia. Mkalimani na mwongozaji wawekwe kwenye mstari wao wa ushiriki wa walemavu. Ukiwaficha ndani ya gharama za ofisi, mfadhili atawakata wa kwanza.