Maji ya sayari, au maji ya nyota yenyewe?

Mwaka 2023 darubini ya James Webb iliona dalili za mvuke wa maji ilipoitazama GJ 486 b, sayari ya mawe iliyo umbali wa miaka-nuru 26 hivi. Habari ilipofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Lubumbashi ilikuwa imeshakatwa mkia: "Wamepata maji." Mkia uliokatwa ndio uliokuwa na uzito. Watafiti wenyewe walisema mvuke huo huenda ni wa sayari, na huenda ni wa nyota yake, ndani ya madoa yake yaliyopoa. Kupoa kwa nyota si kupoa kwetu: hata katika madoa ya Jua, penye joto la nyuzi 3,000 hivi, mvuke wa maji umekutwa.

Walimu wa sayansi ninaozungumza nao wamegawanyika. Wengine wanasema kama doa linaweza kujifanya maji, basi vipimo vyote hivi tusivisadiki. Wengine wanasema madoa ni usumbufu mdogo, kompyuta itayaondoa. Naona wanabishana kuhusu vipimo viwili tofauti: cha ukubwa wa sayari na cha angahewa yake.

Sayari nyingi za nyota nyingine zimegunduliwa kwa mpito: sayari inapita mbele ya nyota, mwanga unapungua kidogo, na upungufu huo unatupa ukubwa wa sayari. Jupita ingepunguza mwanga wa Jua kwa takriban 1%, Dunia kwa chini ya 0.01%. Hesabu inachukulia kwamba uso wa nyota unang'aa sawasawa kila mahali, na sivyo ulivyo. Pale sumaku inapozuia gesi ya moto kupanda, panapoa na kuwa doa. Mwanafunzi wa mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi akirusha taswira ya Jua kwa darubini ndogo juu ya karatasi nyeupe (kwenye karatasi, si machoni!) ataona vitone kama vya ncha ya kalamu, na kimoja tu chaweza kuimeza Dunia nzima.

Fikiria mbabula (jiko la mkaa) ya jioni: makaa mengine yamewaka, mengine bado meusi. Ukipitisha kifuniko mbele ya upande uliowaka, unaziba mwanga mwingi kuliko ukubwa wa kifuniko unavyostahili. Tuweke tarakimu. Madoa yakifunika 10% ya uso wa nyota, yakang'aa nusu ya sehemu nyingine, mwanga wote unashuka hadi 95%. Sayari ikipita pasipo na doa, upungufu uliopaswa kuwa 1% utasomeka 1.05%, na kipenyo cha sayari kitaonekana kikubwa kwa 2.6%. Ikipita juu ya doa lenyewe mambo yanageuka: mwanga unapanda kidogo katikati ya mpito, na asiyegundua kilima hicho ataipima sayari ndogo kuliko ilivyo.

Kwa ukubwa, basi, wasiohangaika wana hoja. Asilimia mbili na kitu si balaa, maana ukubwa wa nyota yenyewe mara nyingi haujulikani kwa usahihi zaidi ya huo. Tena vilima hivyo vimekuwa na faida. Mwaka 2011, wanaastronomia Roberto Sanchis-Ojeda na Joshua Winn waliona kwamba katika nyota HAT-P-11 vilijirudia kwenye sehemu mbili za mpito, pale njia ya sayari inapokata mikanda miwili ya madoa. Hapo ikathibitika kwamba sayari ile inazunguka ikipita karibu na ncha za nyota, si juu ya ikweta yake. Bila madoa, jambo hilo lingebaki kutegemea njia nyingine kabisa.

Angahewa ni kesi nyingine, maana gesi zake hutambulika kwa rangi za mwanga ambazo zinamezwa wakati wa mpito. Sayari za TRAPPIST-1, saba kwa idadi, zinazunguka nyota ndogo nyekundu yenye madoa. Ile ya ndani kabisa inapunguza mwanga kwa takriban 0.7%, yaani sehemu 7,000 kwa milioni. Alama ya angahewa kama ya Dunia ingekuwa sehemu 100 hivi kwa milioni, pengine chini yake. Madoa ya mfano wetu yangeongeza zaidi ya 350, na ongezeko hilo halibaki sawa katika kila rangi ya mwanga, kwa hiyo linajichora kama gesi. Webb ilipoipima sayari hiyo katika mipito miwili, matokeo yalitofautiana kwa sababu ya uso wa nyota. Hapa sikubaliani na wanaoitegemea kompyuta: huwezi kutoa usichokijua.

Njia ya kukwepa ipo: kupima joto la sayari yenyewe inapojificha nyuma ya nyota, ambapo madoa hayana nguvu kubwa. Kipimo hicho kilifanywa kwa GJ 486 b pia, na matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha angahewa nzito. Kwangu mimi mizani imeelemea upande wa nyota. Ila njia hiyo inaeleza joto vizuri kuliko inavyotaja gesi, kwa hiyo mipito haiwezi kutupwa.

Ndiyo maana NASA ilibuni Pandora, setilaiti yenye kioo cha sentimita 45 tu, ya kutazama angalau sayari 20, kila moja mara 10, kila mara kwa saa 24, ikipima mwanga wa kawaida na wa infraredi (usioonekana kwa macho) kwa pamoja ili nyota isomwe sambamba na sayari. Ningependa kila tangazo la maji kwenye sayari za nyota nyekundu lisubiri kwanza kipimo cha namna hiyo, hata kama litachelewa mwaka mzima.