Anzia Mstari wa 24

Mtu kodi ya chumba imempita tarehe, anaomba aombewe, anajibiwa: "Usiwe na wasiwasi mpendwa, ndege wa angani hawapandi wala hawavuni." Amina, kila mtu kwake. Linaniuma sana jambo hili.

Maneno hayo ya Yesu yako Mathayo 6:26, na mstari wa 25 unaanza na "Kwa sababu hiyo". Sababu gani? Soma mstari wa 24: hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Rudi hadi wa 19: msijiwekee hazina duniani. Tukianzia kwenye ndege, neno lote linamwangukia asiye na kitu, na mwenye ghala anapita hajaguswa.

Waliomsikiliza Yesu walikuwa wanaijua habari ya mana, chakula kilichowashukia Waisraeli jangwani. Kutoka 16 inataja hadi kipimo: pishi moja kwa kila kichwa, iokotwe asubuhi, maana jua likiwa kali iliyeyuka. Waliobakiza hadi kesho yake waliikuta imeingia mabuu na inanuka. Lakini siku ya sita waliokota pishi mbili na haikuoza, kwa kuwa siku ya Sabato haikushuka. Kwa hiyo kuweka akiba si kukosa imani. Na walipopima, aliyeokota nyingi hakuzidiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa.

Mtume Paulo anaishika habari hiyohiyo katika 2 Wakorintho 8, akichangisha kwa ajili ya watakatifu, yaani waumini, wa Yerusalemu. Utaratibu wake uko 1 Wakorintho 16: siku ya kwanza ya juma kila mtu atenge kwake kadiri alivyofanikiwa, michango isije ikaanza kutafutwa yeye akishafika; kisha wapeleke watu waliochaguliwa na kanisa lenyewe. Uhitaji wa Yerusalemu ulijibiwa kutoka mifukoni mwa watu wa Makedonia na Akaya.

Haya, 2 Wathesalonike 3:10 ipo: asiyetaka kufanya kazi, asile. Imesema asiyetaka. Aliyetafuta kibarua akakosa hayumo.

Jumuiya ikikutana, swali la "tukuombee nini?" lifuatwe na mengine: ni kiasi gani, mwisho lini, kimepungua nini? Kodi elfu themanini, mkononi hamsini, zimebaki siku nne: hapo thelathini inajulikana, na kapu linaweza kuzunguka kabla ya Amina. Jina lisitangazwe. Mhitaji akishatajwa mbele za watu mara moja, mwezi ujao atanyamaza, na wenzake waliomwona watanyamaza naye. Wawili wapokee, wahesabu, wampelekee kwake usiku huohuo.