Kilo moja ya sangara ni kilo ngapi za dagaa?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema sangara wamepungua Ziwa Victoria kwa sababu ya nyavu haramu. Sikatai, kokoro (wavu haramu wa kukokota) limetuumiza sana. Ila kuna hesabu kairuka, ile tuliyochorewa ubaoni sekondari: nishati ikipanda ngazi moja ya chakula, inayofika juu ni kama asilimia 10 tu. Iliyobaki imeishia kwenye kupumua, kuogelea na joto, au imetoka kama kinyesi.

Haya, tuingie ziwani. Mwani unanasa jua, vijidudu vinavyoelea vinakula mwani, dagaa anakula vijidudu, sangara anamla dagaa. Kwa makadirio hayo, kilo moja ya sangara imemeza karibu kilo 10 za dagaa. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akakuta furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hili) wa mamia ya aina, wakiwamo waliokula mwani moja kwa moja, yaani ngazi zilikuwa chache na nishati iliyopotea ilikuwa kidogo. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewafyeka, ndipo akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe (ndiyo, anakula wanawe!).

Sasa na sisi tunavua dagaa kwa wingi, tena wengi wanasagwa kuwa chakula cha kuku. Yaani tumempokonya sangara mlo wake, kisha tukaongeza ngazi nyingine ya kupoteza nishati kabla haijafika mezani. Mwenye nyavu halali naye anashiriki hapo. Mwandishi, hilo mbona hukuligusa?