Ukumbi Ule Haukushuka Kutoka Mbinguni

Desemba hii kamati yetu ya Watanzania hapa Edmonton, Kanada, ilikodi ukumbi wa Waukraine kwa sherehe ya Uhuru. Kabla pilau halijapakuliwa, mmoja wetu akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "Hawa wenzetu wamebebwa. Wamekuja juzi na vita yao, tayari wana majumba." Dole gumba zikamiminika. Sahani nusura initoke mkononi.

Juzi ipi? Ivan Pylypiw na Vasyl Eleniak, wanaohesabiwa kuwa wa kwanza wao Kanada, walifika 1891. Wakafuatwa na maelfu ya wakulima kutoka Galicia, eneo ambalo sehemu yake leo ni magharibi mwa Ukraine, kila familia ikipewa ekari 160 kwa ada ya dola 10. Usisikie ekari 160 ukadhani ni shamba, lilikuwa pori. Wengi walichimba shimo, wakaezeka udongo na nyasi, wakalala humo baridi yao ya kwanza. Baridi ya huku! Mimi na hita yangu bado nanung'unika.

Na kubebwa kwenyewe ndiko huku: Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, wakaitwa maadui kwa sababu walitoka chini ya Dola ya Austria. Hadi 1920 watu zaidi ya 8,500 walikuwa wamepitia kambi za kifungo, wengi wao Waukraine. Baadhi walilazimishwa kutengeneza barabara kule Banff, hifadhi ya milimani tunakokwenda kupiga selfi kila Julai.

Lakini kinachoniuma ni hizo kumbi. Tunapenda kusema Watanzania hatuendelei ughaibuni kwa sababu hatupatani. Jamani, hawa walipatana lini? Wakatoliki wao na Waorthodoksi wao walivutana. Wazalendo na wakomunisti walichukiana kiasi kwamba 1940, serikali ilipopiga marufuku jumuiya ya mrengo wa kushoto na kutaifisha kumbi zake, baadhi ziliuzwa kwa wapinzani wake hao hao. Mwaka huo huo vyama vilivyobaki vikaunda baraza moja kule Winnipeg, na hata hapo serikali ilibidi iwasukume. Sisi tukigombana, mmoja anajitoa kwenye grupu na kuanzisha grupu lingine. Wao aliyejitoa alikwenda kujenga ukumbi mwingine, wenye jukwaa, maktaba, na jiko kubwa chini.

Jiko hilo ndilo hasa. Ijumaa moja nilishuka kwenye jiko la chini la kanisa lao kununua pyrohy, zile sambusa zao za kuchemsha zenye viazi. Nikakuta bibi kama kumi na wawili wamezunguka meza, mikono inakunja unga bila macho kuangalia, midomo inasengenya kwa raha zao. Hakuna anayelipwa. Dazeni kwa dazeni zinauzwa, hela inakwenda kwenye paa la kanisa na darasa la lugha la Jumamosi. Wana hata SACCOS zao, tangu enzi ambazo benki hazikuwataka. Na tangu 1974 watoto Edmonton wanasoma Kiukraine kwenye shule za serikali. Wangu anajua "shikamoo" na "chipsi mayai".

Haya, nakubali, 2022 walifunguliwa mlango kwa namna ambayo sisi hatutaiona. Karibu watu 300,000 waliingia Kanada kwa viza ya dharura, wakati wanafunzi wa Kiafrika waliokimbia vita hiyo hiyo walikuwa wakisukumwa nyuma kwenye treni na mipakani. Hilo sisahau, wala sitaki mtu anisahaulishe. Ila viza haijengi ukumbi. Mwenzangu kazini alikuja kwa viza hiyo kutoka Kharkiv, mji wa mashariki mwa Ukraine, kazoea Kirusi. Anasema wale bibi wanaongea Kiukraine cha bibi wa bibi yake, halafu wanamsahihisha yeye! Siku ya kwanza walimsuta kwa matamshi. Ya pili wakampa aproni.

Usiku wa sherehe nilimuuliza mhazini wetu mfukoni kuna shilingi ngapi. Akacheka, akaniambia tunadaiwa spika.

Kikao kijacho Jumapili saa tisa, yaani saa kumi na moja. Ajenda ya kwanza: rangi ya vitenge vya mwakani.